Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Simu, Mitandao ya Kijamii na Vizazi Vyetu vya Mombasa

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, mimi na wenzangu wawili huketi katika chumba kimoja cha madrasa, Mji wa Kale, tukiwafundisha watu wazima kutumia simu zao. Tulipoanza tulidhani kwamba kazi yetu itakuwa kueleza vitufe, lakini mengi tunayoulizwa ni malalamiko: mama anamlalamikia mwanawe, kijana anamlalamikia shangaziye, babu anauliza kwa nini wajukuu wamekaa naye sebuleni ilhali hawapo. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya pande zote mbili. Naamini kwamba mengi yanayoitwa matatizo ya teknolojia ni matatizo ya adabu na kuaminiana, na kwamba kila kizazi kimeingia kwenye simu na desturi za mazungumzo kilizolelewa nazo.

Je, ni kweli kwamba wazee wanaogopa teknolojia?

Si kweli, na ushahidi tunatembea nao mfukoni. M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, wengi wa hao tunaowaita wazee leo walikuwa watu wa makamo wenye simu ndogo za vitufe, zile za tochi zilizobandikwa jina la mulika mwizi. Kabla ya hapo, mtu wa Mombasa aliyetaka kumpelekea mamake fedha Malindi au Lamu alimkabidhi dereva wa basi bahasha, au alikwenda posta, kisha akakaa na wasiwasi mpaka apate habari kwamba zimefika. Hakuna aliyewaitia semina ya kuwafundisha M-Pesa. Walijifunza wenyewe kwa kuulizana dukani na barazani, kwa sababu faida yake ilionekana siku ile ile.

Kinachowachelewesha leo ni kwamba simu ya kugusa haikai ilivyo. Programu hujisasisha usiku, na asubuhi kitufe kilichokuwa chini kimehamia juu. Mtu aliyeikariri njia kwa mahali pa kitufe hupotea, ilhali kijana hapotei kwa kuwa hakukariri chochote. Hubonyeza hapa na pale bila hofu mpaka afike. Mzee hathubutu kubonyeza ovyo kwa sababu ndani ya simu hiyo hiyo mna akiba yake. Mimi naiona hofu hiyo kuwa ni busara, na ningependa vijana wengi zaidi wawe nayo.

Kwa nini kila rika limejichagulia mtandao wake?

Watu hawachagui mtandao kama wachaguavyo nguo. Hukaa walipowakuta wenzao. Facebook ilianzishwa mwaka 2004 na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2006. Nyaya za faiba za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa hapa Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, intaneti ikaanza kuwa ya kasi na ya nafuu, na waliokuwa vijana wakati huo ndio waliojaa Facebook, wengi wao wakiwamo humo hadi leo. WhatsApp, iliyoanza mwaka huo huo wa 2009, iliwavuta mpaka wazazi kwa kuwa haikutaka anwani ya barua pepe bali nambari ya simu tu. TikTok ilienea duniani baada ya kuunganishwa na Musical.ly mwaka 2018, ikawakuta walio na umri wa shule ya upili, na hao ndio walioifanya kuwa mtaa wao. Mtaa ukishakuwa wa vijana, mtu mzima akiingia huingia kama mgeni.

Kwa nini mama yangu hutuma ujumbe wa sauti wa dakika nane badala ya kuandika mistari miwili?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa hasira kuliko mengine, nami nina jibu lake kwa sababu nimeliona kwa macho.

Bibi yangu wa Kibokoni alikuwa na mwana aliyehamia Muscat. Simu ya kimataifa ilikuwa ghali, na barua ilimtaka mwandishi wa kumwandikia, jambo lililomfanya ayafiche mengine. Kwa hiyo alirekodi kanda. Alifunga dirisha la upande wa kichochoro ili mlio wa mikokoteni usiingie, akaweka redio ya kaseti juu ya kibao cha mbuzi, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kwa Bismillahi. Alisalimia kila mtu wa nyumba ile kwa jina, hata mtoto mchanga. Kisha habari za mtaa, nani kaoa, nani kajifungua, mwembe wa uani umezaa kiasi gani. Ilipokaribia dakika ya 30 alisema kwa sauti kubwa, "Sasa nageuza upande, mwanangu, usiondoke." Kanda ile ilimsubiri msafiri wa kuichukua, na jibu lilikuja baada ya miezi.

Mama yako amelelewa katika nyumba za namna hiyo. Kwake, dakika nane ni salamu fupi. Kuandika kunamnyima kitu anachokijali zaidi, yaani sauti inayomwonyesha msikilizaji kwamba msemaji amechoka, amefurahi au anaficha homa.

Hata hivyo, upande wa pili nao una haki. Kijana aliye kazini hawezi kusikiliza dakika nane ili ajue kwamba anatakiwa kupita sokoni Kongowea. Tunawaomba watu wazima watangulize haja baada tu ya salamu, kisha mazungumzo yafuate. Na kijana anayeharakisha sauti ya mamake kwa mwendo wa mara mbili ajue kwamba hatasikia uchovu wala furaha. Ajue pia kwamba WhatsApp humwonyesha mtumaji kama ujumbe wa sauti umesikilizwa, hata pale mpokeaji alipozima zile alama za samawati za ujumbe uliosomwa.

Kwa nini vijana hawapokei simu, kisha dakika moja baadaye wanaandika "nambie"?

Hapa pande zote mbili zinafuata adabu moja, ila zimeiweka mahali tofauti. Mswahili haingii nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Kwa mzee, mlio wa simu ndio hodi yenyewe, na asiyeitikia hodi ilhali yumo ndani ni mkosefu wa adabu. Kwa kijana, ujumbe mfupi ndio hodi, na anayepiga simu bila kutanguliza ujumbe ni kama aliyesukuma mlango na kujikuta katikati ya chumba. Nimewaeleza watu wengi hivi, na wengi wamecheka kisha wakanyamaza kufikiri. Suluhisho la nyumba kadhaa tunazozijua ni kukubaliana kwamba mzazi akipiga mara mbili mfululizo, hilo ni jambo la haraka na lazima lipokewe.

Shangazi amenuna kwa ajili ya maneno niliyoweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Kosa langu ni lipi?

Shangazi amesoma stetasi yako kama asomavyo jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye khanga. Katika maduka ya Biashara Street mwanamke hatazami rangi na maua peke yake. Husoma maandishi yaliyo chini, kwa sababu leso inasema. Mwanamke aliyekerwa na jirani hakuhitaji kufungua kinywa. Alinunua leso yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mbele ya mlango wa mlengwa, na ujumbe ukafika bila ushahidi. Aliyekulia katika sanaa hiyo hawezi kuamini kwamba mtu ameandika "wanafiki mpo" mbele ya jamaa wote bila kumkusudia yeyote.

Nawe pengine uliyanukuu maneno ya wimbo tu. Stetasi hudumu saa 24 na huonekana na wote mliohifadhiana nambari, isipokuwa umeiwekea mipaka katika mipangilio ya faragha. Iwekee mipaka, au andika ukijua kwamba nusu ya wasomaji wako ni mabingwa wa mafumbo.

Je, ni sawa kutangaza msiba kwenye kikundi cha ukoo?

Ni sawa, na kwa desturi zetu ni jambo lenye manufaa makubwa. Kwa Waislamu maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku ile ile. Mtu aliyefariki alfajiri huenda akaswaliwa adhuhuri. Zamani vijana walitumwa kwa baiskeli mtaa hadi mtaa, na jamaa wa Mtongwe au Kisauni akapata habari watu wameshafukia. Leo ujumbe mmoja humfikia kila mtu, pamoja na jina la msikiti na wakati wa maziko.

Lakini ni hapo hapo tunapoumizana vibaya zaidi. Binti mmoja aliyehudhuria darasa letu alijua kifo cha babake akiwa ndani ya matatu, kwa rambirambi iliyoandikwa na mtu wa mbali wa ukoo, kabla ya nduguze kupata nafasi ya kumpigia. Alituambia kwamba hata leo akiisikia simu ikilia kwa mlio ule, mwili humsisimka. Tangu hapo tunalifundisha jambo hili kwa uzito kuliko mengine yote. Anayetangaza ni mtu mmoja aliyekubaliwa na wafiwa, baada ya watoto, wazazi, mume au mke wa marehemu kuambiwa kwa mdomo au kwa simu. Mwingine yeyote, hata akipata habari mapema, hunyamaza. Picha ya mgonjwa kitandani haitumwi, na ya maiti haipigwi kabisa. Wazee mara nyingi ndio wanaotangulia kutangaza kwa sababu ya uchungu, na vijana ndio wanaotangulia kupiga picha kwa sababu ya mazoea. Kwa hiyo asije mmoja akamnyooshea kidole mwenzake.

Nifanyeje mzee wangu anaposambaza habari za uongo?

Kwanza, elewa kwa nini anasambaza. Kizazi chake kilipata habari redioni, na kilichosomwa redioni kilikuwa kimepita mikononi mwa mhariri. Kilichoandikwa kilikuwa na mwenyewe. Ujumbe unaosema kwamba kitunguu saumu kinatibu ugonjwa fulani unamfikia kwa maandishi safi, umetoka kwa rafiki yake wa miaka 40 anayeswali naye safu moja, na unamwomba awaokoe wengine. Kwake, kuusambaza ni sadaka. Ukimjibu mbele ya kikundi kwa maneno "hii ni fake", umemtukana katika wema wake.

Tunachoshauri ni kumwendea pembeni, kwa ujumbe wa faragha au bora zaidi kwa mdomo, na kumwuliza: "Babu, huyu aliyekutumia aliipata wapi?" Mwonyeshe alama ya mishale miwili inayotokea juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Mweleze kwamba wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari hiyo: mwaka 2019 waliweka mpaka wa kusambaza ujumbe kwa vikundi au watu 5 kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukawekewa mpaka wa mazungumzo 1 tu kwa mara. Mzee aliyezoea kuulizwa sanadi ya hadithi za Mtume, yaani mlolongo wa waliozisimulia, huielewa hoja hii upesi kuliko kijana. Mmoja wa wanafunzi wetu, ustadhi wa miaka 70 na ushei, sasa ndiye anayewauliza wengine kikundini: "Msimulizi wake ni nani?" Ujumbe usio na msimulizi hauvuki kwake.

Na vijana wasijione wamesalimika. Uongo wao huja kwa video iliyokatwa pande zote mbili, na husambazwa kwa kidole hicho hicho.

Nani anayetapeliwa zaidi, mzee au kijana?

Wote hutapeliwa, ila kwa ndoana tofauti. Mtu mzima hupigiwa simu na sauti yenye heshima inayosema kwamba fedha zimeingia kwake kimakosa, au kwamba laini yake itafungwa asipotaja nambari ya siri. Kijana huandikiwa kuhusu kazi ya Ghuba inayotaka ada ya viza kwanza, au biashara ya mtandaoni inayozalisha mara tatu kwa wiki.

Ya kushika ni machache. Nambari ya siri ya M-Pesa haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayesema anatoka kampuni ya simu. Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari moja, 0722 000 000. Ukituma fedha kwa nambari isiyo sahihi, usibishane na aliyezipokea. Peleka ujumbe wa muamala kwenda 456 bila kukawia. Aliyekuandikia kwamba zimeingia kwako kimakosa, mwelekeze huko huko badala ya kumrudishia mwenyewe, na angalia salio lako kwanza kwa sababu huenda hakuna kilichoingia. Tarakimu 6 ambazo WhatsApp hukutumia kwa ujumbe mfupi ni ufunguo wa akaunti yako, nazo haziazimwi hata kwa rafiki, kwa maana huenda anayeziomba kwa jina la rafiki yako ndiye aliyemwibia yeye jana.

Je, si kweli kwamba vijana wanapoteza wakati wao mtandaoni?

Wapo wanaoupoteza, kama walivyokuwapo waliokesha vichochoroni na kamari ya karata. Lakini binti anayepiga picha za mahamri ya mamake na kupokea oda za Ramadhani kutoka Nyali mpaka Bamburi hapotezi wakati. Mwezi Juni 2024, mswada wa fedha ulipokuwa bungeni, vijana waliufafanua kwa video fupi za Kiswahili na lugha nyingine za nchi hii, wakati ambapo mswada wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mtu mzima akikubaliana na maandamano ya kuupinga mswada huo au asikubaliane, kazi ile ya kufafanua ilikuwa elimu ya uraia.

Mtoto apewe simu akiwa na umri gani?

Facebook, WhatsApp na TikTok zote zinataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13. Chini ya hapo, anayemfungulia mtoto akaunti anamfundisha kusema uongo kuhusu umri wake. Ningependa pia wazazi wajitazame wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, kwa maana mzazi amefanywa mlinzi. Nasi tunabandika picha za watoto wetu wakiwa na sare, jina la shule likisomeka kifuani.

Huduma za serikali zimehamia mtandaoni. Mzee asiyejua kuzitumia afanyeje?

Hili linanikera kwa dhati. Vyeti, pasipoti na leseni vinaombwa kupitia eCitizen, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya ni ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), ambayo mtu hujisajili kwa *147# au kwa tovuti. Mtu aliyelipa kodi miaka 40 hapaswi kumbembeleza mjukuu ili apate huduma. Huduma Centre ipo kwa ajili ya wasioweza, na msaada huo uombwe bila haya.

Nyumbani, mjukuu anayesaidia asaidie mzee akiwapo, simu ikiwa mkononi mwa mzee, na nenosiri liandikwe katika daftari la mzee mwenyewe. Tumeona nyumba ambamo kijana mmoja ana nambari za siri za wazee wanne kichwani mwake. Huenda ni mwaminifu, lakini fedha ikipungua hata shilingi 200, yeye ndiye atakayetazamwa.

Nitamfundishaje mzazi wangu bila kugombana?

Usimshikie simu. Hilo peke yake ni nusu ya kazi. Kijana anapoulizwa hunyakua simu, vidole vikapita mbio, kisha akairudisha na kusema "tayari", na mzazi hajajifunza lolote ila kwamba ni mzito. Sisi huwaambia vijana waweke mikono nyuma mgongoni na waseme kwa mdomo.

Anza na ukubwa wa maandishi, kisha ugeuze lugha ya simu kuwa Kiswahili ikiwa ndiyo anayoisoma kwa wepesi. Ncha za vidole vilivyokauka kwa miaka ya kazi wakati mwingine hazisikiki kwenye kioo. Mama mmoja muuza samaki aliamini kwamba simu yake inamkataa, mpaka tulipompa kitambaa chenye unyevu kidogo apangusie kidole. Fundisha jambo moja kwa siku, na liwe lile analolitaka yeye. Yule mama hakutaka kujua mipangilio. Alitaka kuuona uso wa mjukuu wake aliye Doha, na alipouona aligusa kioo kwa kiganja kizima, simu ikakatika, akacheka, akapiga tena mwenyewe.

Mzazi wetu amefariki. Simu yake tuifanyeje?

Msiizime wala msiigawe haraka. Fedha zilizomo kwenye M-Pesa ni sehemu ya mirathi. Zisitolewe kwa nambari yake ya siri, hata kama mnaijua, bali zidaiwe kwa kampuni kwa cheti cha kifo na hati za warithi. Angalieni ujumbe wa madeni, aliyodai na aliyodaiwa. Waarifuni wanakikundi kabla ya kumwondoa, ili asionekane amejitoa mwenyewe.

Laini isiyotumika hatimaye hupewa mtu mwingine, na WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti iliyokaa kimya siku 120. Kwa hiyo mapema, kila mmoja wenu afungue mazungumzo yake na marehemu, achague ujumbe wa sauti anaoutaka, na kuuhifadhi nje ya WhatsApp, katika kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Kanda moja ya bibi yangu bado ninayo. Redio ya kuichezea ilikuwa imeharibika, ikabidi nimtafute fundi wa Mwembe Tayari anihamishie kwenye simu, na sasa namsikia waziwazi akisema anageuza upande.